Sura ya Sita: Zaidi ya Namba ya Kiuno

Muulize mwanamume yeyote anavaa suruali namba ngapi, atakujibu bila kufikiri: thelathini na mbili, thelathini na nne, thelathini na sita. Kwa namba hiyo hununua dukani, huchambua mitumba na huagiza mtandaoni. Anaivaa, anafunga kifungo, kifungo kinafika, anaridhika. Nusu saa baadaye, amekaa kwenye daladala, suruali inamkaba mapajani, mkanda wa nyuma umeshuka na shati limechomoka. Anaamini amenenepa. Mara nyingi hajanenepa hata kidogo. Suruali hiyo ilikatiwa mwili wa mtu mwingine ambaye kiuno chake kimesadifu kulingana na cha kwake.

Na hapo nimeichukulia namba yenyewe kuwa ya kweli, jambo ambalo haliko hivyo siku zote. Mwaka 2010 jarida la Esquire la Marekani lilichapisha matokeo ya zoezi ambalo kila mnunuzi angeweza kulifanya: mwandishi alichukua futi kamba, akapima suruali za kampuni mbalimbali zilizoandikwa kiuno 36. Iliyokaribia ukweli kuliko zote ilikuwa na inchi 37. Iliyokuwa mbali kuliko zote ilifika inchi 41. Watengenezaji wanajua kwamba mteja hufurahia kujiona kwenye namba ndogo, basi wanapanua kitambaa na kuiacha namba palepale. Suruali hizohizo ndizo zinazotufikia kwenye marobota ya mitumba, na namba zake tunazisoma kwa imani.

Hata hivyo namba ya uongo ni tatizo dogo. Ukiwa na futi utaigundua pale pale sokoni. Tatizo kubwa ni kwamba hata kiuno kikipimwa kwa uaminifu, hicho ni kipimo kimoja cha vazi linalohitaji vipimo visivyopungua vinane. Waweke pamoja wanaume wawili wa kiuno 34. Mmoja ni mtu mzima wa ofisini, tumbo limetangulia, makalio bapa, miguu myembamba. Mwingine ni kijana wa mpira, tumbo limeingia ndani, mapaja yamejaa, hipsi zinagonga 42. Kiwanda kinawauzia suruali moja. Kinafanya hivyo kwa sababu hakina namna nyingine: lazima kikadirie kwamba mwenye kiuno fulani ana hipsi fulani na paja fulani. Makadirio ya aina hiyo yalipata nguvu Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, jeshi la Kaskazini lilipohitaji sare kwa haraka na kujikuta na vipimo vya askari wengi mno mikononi. Kabla ya hapo fundi hakuwa na haja ya kumkadiria mtu, kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake.

Tena fundi huyo wa zamani hakutumia namba kabisa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi wa Ulaya walipima kwa ukanda wa karatasi. Walizungusha ukanda kiunoni wakaukata tundu dogo, wakazungusha pajani wakakata lingine, na kila mteja alikuwa na ukanda wake wenye jina lake. Futi yenye inchi zilizochapwa ilipoingia, kazi ikawa nyepesi na vipimo vikaweza kuandikwa kwenye daftari na kupelekwa mbali. Faida hiyo siidharau. Lakini ndipo tulipoanza kuamini kwamba mwili unaweza kuelezwa kwa tarakimu moja.

Kwa nini basi suruali iwe na ugumu huu wote? Itazame kanzu. Kanzu inaning'inia mabegani. Fundi akishapata urefu, bega, mkono na shingo, kilichobaki ni hewa, na hewa hiyo ndiyo raha ya kanzu. Fundi mwenye mkono mzuri wa kanzu, ambaye watu wanatoka mbali kumfuata, anaweza kukukatia suruali isiyokaa, na wala hilo halimfanyi kuwa fundi mbaya. Ni kazi mbili tofauti. Hata Savile Row, mtaa wa London uliojijengea jina kwa suti za kupima, anayeshona koti na anayeshona suruali kwa kawaida si mtu mmoja. Suruali inashikwa mahali pamoja tu, kiunoni, halafu inatakiwa iuzunguke mwili pale unapogawanyika kuwa miguu miwili. Na hapo pa kugawanyika hapatulii. Mtu anatembea, anachuchumaa, anakaa, anarukuu, anasujudu, anapanda bodaboda.

Wa kwanza kulitatua jambo hili, kwa kadiri ardhi ilivyotuhifadhia ushahidi, walikuwa wapanda farasi. Katika makaburi ya Yanghai, karibu na mji wa Turfan magharibi mwa China, zilipatikana suruali za sufu zenye umri wa miaka 3,000 hivi, kongwe kuliko nyingine zozote zinazojulikana. Mfumaji wake hakukata kitambaa. Alifuma vipande vitatu moja kwa moja kwenye kitanda cha mfumi kwa ukubwa wa mvaaji: mguu mmoja, mguu wa pili, na kipande cha tatu chenye umbo la ngazi, kipana katikati, cha kuunganisha miguu hiyo msambani. Wataalamu walioichunguza mojawapo waligundua kwamba mfumaji alibadilisha ufumaji kulingana na sehemu ya mwili, mzito magotini na wenye kunyumbuka pale panapohitaji kunyumbuka. Suruali ile ilikuwa ya kupima kwa maana kamili ya neno, na akili kubwa kuliko zote iliwekwa kwenye kile kipande cha tatu. Anayeendesha bodaboda leo kati ya Mbagala na Posta anakaa kama alivyokaa yule mpanda farasi, na suruali yake inachanika palepale ambapo mfumaji wa Yanghai aliona paongezewe kitambaa.

Ukitaka kuliona jambo lenyewe kwa macho, chukua suruali yako iliyochakaa, fumua mishono yote na utandaze vipande sakafuni. Utapata vipande vikubwa vinne, viwili vya mbele na viwili vya nyuma. Weka cha mbele kando ya cha nyuma. Cha mbele kina upinde mfupi chini ya zipu, kisha mguu unaanza. Cha nyuma kinakwenda vingine kabisa: mshono wake wa kati unateremka kwa mshazari kutoka kiunoni, unapita makalioni, halafu unapinda kama ndoana na kutoa ncha ndefu inayoingia katikati ya miguu. Upande wa juu wa kipande hicho nao haukulala sawa, umeinuka kuelekea uti wa mgongo. Mstari huo wa nyuma ndio suruali yenyewe. Upana wa mguu, urefu, mifuko, marinda, kukunja chini kwa nje au kwa ndani, hayo yote hurekebishika baadaye kwa kazi ndogo. Mstari wa nyuma ukikosewa, mguu hauwezi kuuokoa.

Tazama kinachotokea mwili unapobadilika. Mwenye makalio yaliyojaa anahitaji mstari huo uwe mrefu zaidi na ncha yake iingie ndani zaidi, ili kitambaa kipite juu ya mlima na bado kifike kiunoni. Asipopewa, suruali inauazima urefu huo kutoka juu, na ndiyo maana mkanda wa nyuma unashuka kila akikaa. Mwenye makalio bapa anahitaji kinyume chake, na akipewa mstari wa mwenzake, kitambaa kilichozidi kinaning'inia chini ya makalio na kutengeneza mifuko miwili isiyo na kazi. Mwenye tumbo anahitaji urefu wa ziada mbele. Kiuno cha watu hawa watatu kinaweza kuwa kimoja.

Hapa pana kosa linalofanywa kila siku, na wateja ndio wanaoliomba. Mtu akibanwa msambani anamwambia fundi, "Ushushe huo msamba nipate nafasi." Fundi anashusha. Sasa msamba uko chini kwa inchi mbili, mtu akisimama anajisikia huru, lakini akiinua mguu kupanda daladala suruali nzima inainuka naye, kwa sababu mguu mmoja ukienda juu unauvuta na mwenzake pale chini walipounganishwa. Msamba unaokaa karibu na mwili, wenye ncha ya nyuma ya kutosha, unaachia hatua ndefu kuliko msamba ulioning'inia. Anayebanwa karibu kila mara anapungukiwa na upana makalioni au na ile ncha. Kina hakina shida. Haya yanapingana na macho, nalijua hilo, na watu wachache huyakubali kabla hawajavaa suruali iliyokatwa hivyo na kupandia ngazi.

Upana wa mguu ni habari nyingine, na nisingependa uchanganywe na kukaa kwa suruali. Upana ni mambo ya wakati. Umoja wa Vijana wa TANU, katika Operesheni Vijana ya mwaka 1968, ulizipiga marufuku suruali za kubana pamoja na sketi fupi na mawigi. Baadaye zikaja bugaluu zilizofagia barabara. Wajukuu wa waliovaa bugaluu wakavaa modo, na wengine kata K. Bugaluu inaweza kukaa vizuri na modo inaweza kukaa vibaya. Chagua upana unaoupenda na unaolingana na umri wako na kazi yako, hakuna atakayekunyima, ila mjadala huo ufanyike baada ya makalio na msamba kupata haki yao.

Mikunjo ndiyo inayotoa taarifa. Simama mbele ya kioo kirefu, au mpe mtu simu akupige picha ya mbele, ya pembeni na ya nyuma, maana nyuma ndiko tusikokuona na ndiko wenzetu wanakotuona. Mistari inayotoka msambani ikipanuka kuelekea mapajani inasema paja au ncha ya nyuma ni finyu. Mifuko ya pembeni ikifungua midomo yake, hipsi zimebanwa. Mistari ya kulala chini kidogo ya mkanda, nyuma, inaonyesha kitambaa kimerefuka pale kuliko mgongo wako, hali inayowapata sana wenye kiuno kilichopinda kwa ndani. Ukiona kitambaa kimenaswa kwenye shavu la mguu na kukataa kushuka, mguu umekuwa mwembamba kuanzia goti kwenda chini, au wewe ni katika watu ambao magoti yao hurudi nyuma wakisimama. Suruali isiyo na mkunjo hata mmoja haipo, labda kwenye sanamu ya dukani. Unachotafuta ni kitambaa kinachoteremka bila kuvutwa.

Kumpima mtu kwa ajili ya haya yote ni kazi ya dakika kumi ikifanywa inavyopasa, na mara nyingi haifanywi. Fundi ninayemfuata Kariakoo ni mzee wa makamo anayeshonea kibarazani, cherehani ya kukanyaga mbele, pasi ya mkaa nyuma yake. Nilikuwa nimekaa pale siku alipokuja kijana mmoja kutaka suruali ya ofisini.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Toa simu, toa pochi, vua mkanda."

Kijana akavua. Fundi hakushika futi. Alichukua uzi mnene akaufunga kiunoni mwa kijana juu ya shati, kisha akamwambia ausogeze mwenyewe hadi pale anapopenda suruali ikae. Kijana akaushusha chini ya kitovu kidogo. Kutoka kwenye uzi ule ndipo vipimo vyote vilipoanzia, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu "kiuno" bila kusema kiuno cha wapi hakina maana. Mtu mmoja ana kiuno cha kitovuni na kiuno cha kwenye mfupa wa nyonga, na vinaweza kutofautiana inchi tatu.

"Simama kama unavyosimama kituoni ukisubiri gari. Usivute tumbo."

Akapita nyuma, akarudi pembeni, akamtazama kimya. Kisha ndiyo akapima: kiuno 33, hipsi 41, paja 25, goti, upana wa chini, urefu wa nje kutoka kwenye uzi 42, urefu wa ndani 31. Akatoa 31 kwenye 42 akaandika 11, hicho ndicho kina cha msamba. Baadaye akamkalisha kwenye stuli ngumu na kupima ubavuni, kutoka kwenye uzi hadi kwenye ubao wa stuli, ili kuihakikisha ile 11. Mwisho akampa ncha ya futi aishike mwenyewe kwenye uzi mbele, akaipitisha katikati ya miguu na kuipandisha nyuma hadi kwenye uzi. Kipimo hiki cha mzunguko wa msamba mafundi wengi wanakiruka kwa haya, na wateja wanashukuru kurukwa. Ni kipimo ambacho, nikilazimishwa kubaki na viwili tu, ningekiweka pamoja na hipsi na kuacha kiuno.

Maswali yakafuata. Simu unaweka mfuko gani? Unaendesha pikipiki au gari? Unaswali na suruali hii? Kijana akasema anaswali, na anataka upindo uishie juu ya kifundo cha mguu. Fundi akaandika. Akamuuliza pia, kwa sauti ya chini, upande gani anauelekeza mwili wake ndani ya suruali, kulia au kushoto, kwa sababu upande huo huongezewa kidogo kitambaa mbele. Kijana akacheka kwa aibu, lakini akajibu.

Zitazame zile namba tena. Kiuno 33 na hipsi 41. Suruali ya dukani inayotosha hipsi 41 itakuja na kiuno 35 au 36. Akiinunua, mkanda utaikusanya nyuma kama mdomo wa gunia. Akinunua ya kiuno 33, hataweza kukaa. Kijana huyu alikuwa ameishi miaka yote kati ya suruali mbili zisizomfaa, na dukani hakuna ya tatu.

Siyo lazima dawa iwe fundi wa kibarazani. Ipo njia ya kiwanda, na ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Montague Burton, Myahudi aliyezaliwa Lithuania mwaka 1885 na kuhamia Uingereza angali kijana mnamo 1900, aliijenga biashara yake juu ya wazo kwamba mfanyakazi wa kawaida naye anastahili suti ya kupimwa. Mteja alipimwa kwenye duka la mtaani kwake, fomu ya vipimo ikatumwa kiwandani Leeds, nguo ikakatwa na kurudishwa. Miaka ya 1930 kiwanda chake cha Hudson Road kilikuwa na wafanyakazi wapatao 10,000. Kilichofanya jambo hilo liwezekane ni paterni za msingi: kiwanda hakichori suruali yako kutoka kwenye karatasi tupu, kinachukua paterni iliyopo iliyo karibu nawe na kuisogeza huku na kule. Huduma za leo za kupimwa na kushonewa kiwandani, hata zile za kompyuta, zinafuata utaratibu uleule.

Ubora wa njia hii unategemea kinachosogezwa. Muuzaji akikupima kiuno, hipsi na urefu peke yake, umenunua suruali ya dukani iliyokatwa chini vizuri. Muuzaji anayejua kazi atakuvalisha kwanza suruali ya kujaribia ya saizi iliyo karibu nawe, atakuzungusha, atabana kwa pini pale panapopwaya, na kwenye fomu ataandika habari za makalio na namna unavyosimama. Muulize swali moja kabla ya kulipa: mnarekebisha msamba wa nyuma? Akikutazama bila kuelewa, tafuta mwingine.

Njia ya fundi inaishinda ya kiwanda kwa jambo moja kubwa, nalo ni kujaribisha suruali ikiwa haijakamilika. Yule kijana alirudi siku nyingine akakuta suruali yake imepigwa bandi tu, haina mifuko wala mkanda wa kiunoni, imejaa mistari ya chaki. Akaivaa. Fundi akamtaka akae kwenye stuli, achuchumae, kisha akatandika mkeka na kumwambia asujudu. Aliposimama tena, fundi alishika mkunjo mwembamba chini ya kalio la kulia, la kulia peke yake, akaubana kwa vidole, akapiga mstari wa chaki. Miili mingi ina upande mmoja ulioteremka kidogo kuliko mwingine. Hakuna futi inayoliona hilo, jicho ndilo linaloliona wakati nguo iko mwilini. Akafumua bandi palepale, akasogeza robo inchi, akashikiza upya. Kazi ya dakika chache. Kama mshono ungekuwa umeshapigwa mashine na kupitishwa oveloki, ingekuwa kazi ya nusu siku, na fundi mwenye wateja foleni angemwambia kijana kwamba imekaa vizuri.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, dai jaribio hilo na ulilipie likihitaji kulipiwa. Usiende wiki ya mwisho ya Ramadhani, usiende kuelekea Krismasi, wala shule zinapokaribia kufunguliwa na fundi amezungukwa na kaptula za kaki. Mafundi wetu wanalaumiwa sana kwa ahadi za "njoo kesho", na lawama nyingine ni za haki, lakini sehemu yake tunaitengeneza sisi kwa kupeleka kitambaa Alhamisi tukitaka nguo Jumamosi. Jaribio ndilo la kwanza kufa muda ukibana.

Kuhusu kitambaa nitasema machache, kwa kuwa kina sura yake mbele. Mtu wa kimo cha kawaida anatosheka na mita moja na robo hadi moja na nusu ya kitambaa cha upana wa sentimita 150. Pamba iloweke na kuikausha kabla ya kukatwa, la sivyo itajipunguza yenyewe baadaye na vipimo vyote vitakuwa vimepotea bure. Sufu nyepesi iliyosokotwa sana inafaa Dar es Salaam kuliko inavyosadikiwa, inapitisha hewa na mikunjo yake hujinyoosha usiku ikining'inizwa; zaidi ya hayo, inatii pasi. Fundi anayejua hutandika kitambaa kibichi juu ya kipande cha nyuma, anakandamiza pasi nzito na kukivuta sehemu ya juu ya paja, ili kijue umbo la mguu kabla hakijashonwa. Poliesta haikubali kufundishwa hivyo, ingawa inavumilia kufuliwa na bei yake ni rahisi. Vitambaa vya kunyumbuka vimesaidia wengi, ila vinaficha makosa ya ukataji kwa miezi michache, hadi pale mpira wa ndani unapochoka na magoti kuvimba.

Mwambie fundi aache akiba. Kwenye mshono wa nyuma, kuanzia kiunoni kushuka, inchi moja au moja na nusu kila upande. Kwenye mshono wa ndani wa paja, nusu inchi. Chini kwenye upindo, inchi mbili. Suruali nyingi za viwandani hazina akiba hiyo, kitambaa kimebanwa hadi kwenye uzi wa oveloki kwa sababu kiwanda kikiokoa sentimita moja kwa kila suruali kinaokoa marobota. Ukiongezeka mwili, ya kwako itafumuliwa na kupanuliwa na fundi yeyote wa mtaani kwa gharama isiyokuumiza, na hapo ndipo bei ya kushonesha, iliyoonekana kubwa mwanzoni, inapoanza kujirudisha.

Nguo ya kwanza haitakuwa kamili. Wanaotafuta suruali moja ya ajabu kutoka kwa fundi mpya kila mara huzunguka mji mzima na kubaki na makabati yaliyojaa majaribio ya kwanza. Ivae hiyo ya kwanza mpaka uizoee, ifue, ikae nawe safarini na msikitini au kanisani na kwenye foleni ya benki. Itakuonyesha yenyewe panapochakaa mapema na panapong'aa kwa msuguano, na kitambaa kitakuwa kimelala kulingana na mwili wako kwa namna ambayo siku ya jaribio haikuweza kuionyesha. Ya pili ndiyo inayokatwa kwa elimu hiyo.

Ili elimu hiyo isipotee, mwombe fundi akukatie paterni ya karatasi badala ya kuchora moja kwa moja juu ya kitambaa. Wengi huchora juu ya kitambaa kwa sababu wameizoea kazi na karatasi ni gharama. Nunua karatasi wewe, hata zile nene za kaki za kufungia mizigo zinafaa. Paterni iandikwe jina lako, tarehe na kitambaa kilichoshonwa, na kila sahihisho lichorwe juu yake kwa kalamu ya rangi nyingine. Itunze nyumbani, maana vibaraza huhamishwa na mafundi nao wanazeeka. Na siku ya kwenda kushonesha ya pili, nenda umeivaa ya kwanza, bila kuipiga pasi, ikiwa na mikunjo yake yote ya siku nzima, umpe fundi nafasi ya kukuzunguka na kuisoma kabla hajaigusa futi.